Mlezi wa Mtoto Huyu

Kaka yake ndiye aliyempa jina la Kisiki, tangu utotoni, siku binti huyo alipokaa chini katikati ya mlango akakataa kuinuka mpaka aambiwe kwa nini wanaume wa nyumba ile hawaoshi vyombo. Mama alimruka. Baba alimruka. Wageni walimruka viatu mkononi. Aliinuka alipojibiwa, na ingawa jibu lenyewe halikuwa na kichwa wala miguu, tangu siku hiyo kaka mtu alianza kusugua sufuria za Jumapili huku akinung'unika. Jina likashika. Hata kazini, ambako watu hupenda kuitana kwa vyeo, yeye alikuwa Kisiki, na aliitika bila kununa.

Kazi yake ilikuwa kuandika mifumo ya mtandaoni. Ofisi yao ilikuwa ghorofani juu ya duka la rangi, chumba kimoja chenye meza tatu, feni inayozunguka pale inapojisikia, na dirisha lililofungwa kwa waya. Bosi wao aliitwa Bwana Ndiyo, kwa sababu mteja alikuwa hajamaliza kusema anataka nini, yeye ameshaitikia. Meza ya pili ilikuwa ya Chapchap, mtu mzima mwenye mvi zake na watoto wake, ila vidole vyake viliwahi kufika kabla ya akili. Ya tatu ilikuwa ya Kisiki. Kwenye mkataba aliandikwa mtaalamu wa programu. Kazi ambayo mkataba haukuitaja ilikuwa kusema hapana kwa niaba ya wote watatu.

Mteja wao mkubwa alikuwa shule moja ya chekechea yenye matawi kadhaa. Shule ilitaka kujua kila siku nani kamchukua mtoto gani. Basi wakaundiwa mfumo. Mchana mwalimu wa zamu anasimama getini na tableti yake. Anachagua jina la mtoto, halafu kwenye kisanduku kinachofuata, kilichoandikwa "Anayemchukua", anaingiza namba ya simu ya mtu aliyekuja. Mfumo ukiridhika unaonyesha kijani, mtoto anatoka. Usiporidhika, nyekundu.

Kisanduku hicho ndicho kilichozaa kesi yote. Aliyekiandika mwanzoni ni Chapchap, na haraka haraka haina baraka. Aliuambia mfumo utafute ile namba kwenye jedwali la walezi. Ipo? Ipo. Pita. Mlezi, sawa, lakini mlezi wa nani? Hilo hakuuliza. Ukishaandikishwa kuwa mlezi wa mtoto mmoja pale shuleni, kwa akili ya Chapchap ulikuwa mlezi wa watoto wote.

Na kwa watu wetu sisi, kosa kama hilo linaweza kukaa miaka bila mtu kuliona. Mchana mmoja mawingu yalitanda, na mwanamume mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akamhurumia na mtoto wa jirani, asije akaloa. Mwalimu akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mimi baba yake." Wala hakudanganya. Mtaani kwao kila mtu mzima ni baba au mama wa mtoto wa mwenzake, ndivyo tulivyolelewa. Namba yake ikaingizwa, kijani kikawaka, akaondoka na watoto wawili, mmoja kila mkono. Mama mzazi alipofika akaambiwa mtoto keshachukuliwa na baba yake. Baba yake alikuwa amefariki.

Mtoto alipatikana kwa jirani, anakula mkate na kutazama katuni, na watu walicheka mpaka machozi. Kisiki hakucheka. Siku hiyo alikuwa pale shuleni akitengeneza tableti iliyoganda, na alimsikia yule mama akikimbia barabarani akiita jina la mwanawe, sauti imemkauka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alirudi ofisini akamwangalia Chapchap. Chapchap mwenyewe aliinamisha kichwa.

Kesho yake akaiandika sheria upya. Usiulize tu kama namba ipo, aliuambia mfumo. Mtazame kwanza mtoto aliyechaguliwa kwenye rekodi hii hii. Nenda kawalete walezi wake yeye, si wa mwingine. Kisha angalia kama huyu aliyekuja ni mmoja wao. Kama hayumo, kataa, na mwenye kukataliwa aelezwe: "Mtu huyu si mlezi wa mtoto huyu."

Wala hakuiweka pale Chapchap alipoweka ya kwake. Chapchap alikuwa amebandika uhakiki kwenye ukurasa wa getini peke yake, ilhali ofisi ya shule ilikuwa na ukurasa wake, na madereva wa basi la shule walikuwa na wao kwenye simu. Nyumba ya milango mitatu kuiwekea mlinzi mmoja ni kumlipa mlinzi bure. Kisiki akaipeleka sheria ndani kabisa, kwenye modeli yenyewe, mahali ambapo kila rekodi hupita kabla ya kuhifadhiwa, uingie kwa mlango uutakao. Swali likawa moja kwa wote.

Haikuisha wiki, maneno yakaanza. Wajomba walirudishwa. Wasaidizi wa nyumbani walirudishwa. Mama wadogo waliokuja na keki ya kumshtukiza mtoto walirudishwa na keki zao. Foleni getini ikafika barabarani, na mkurugenzi wa shule, mwanamke mpole wa sauti ambaye hajawahi kupiga simu mara moja akaridhika, akapiga tena na tena. Bwana Ndiyo akasema ndiyo. Kisha akaja kusimama mezani kwa Kisiki, mikono mfukoni.

"Kile kitu kitoe."

"Kitu gani?"

"Unakijua. Wazazi wanalalamika."

"Wanaolalamika ni wasio wazazi, bosi. Sikitoi."

Bwana Ndiyo akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa simu. "Basi kifanye kiwe onyo. Kiseme, huyu hayumo, unataka kuendelea? Mwalimu abonyeze ndiyo, maisha yaende."

"Mwalimu ana watoto wanamvuta sketi na foleni inamzomea. Atabonyeza ndiyo kabla hajasoma. Hilo litakuwa pazia tu."

"Sasa watu wafanyeje?"

"Mama mtoto apewe ukurasa wake kwenye simu. Akitaka mdogo wake amchukue mtoto leo, amwandike yeye mwenyewe pale pale alipo. Ni dakika moja. Sheria inabaki, foleni inaisha."

"Hatuna muda wa kuandika ukurasa mpya."

"Mimi ninao. Nitautafuta."

Bwana Ndiyo akageukia meza ya pili. Chapchap, ambaye maishani mwake hakuwahi kukataa kazi, ghafla alikuwa na shughuli nyingi kwenye skrini yake. "Mimi niliiandika mara ya kwanza, bosi," akasema bila kugeuka. "Mara ya pili usinipe."

"Ijumaa jioni," akasema Bwana Ndiyo, na safari hii hakumwangalia mtu usoni. "Ijumaa jioni sheria hiyo iwe imeondoka, Kisiki. La sivyo tutaagana."

Kisiki aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa anaishi peke yake, chumba na sebule, na kazi za aina yake haziokotwi njiani. Mtu wa namna yake akimwaga unga hapa, kule anakokwenda habari imeshatangulia kwamba ni mbishi. Lakini hofu ilipomshika alifanya kile alichofanya siku zote, alikasirika. Akafungua faili jipya akaanza kuandika ukurasa wa wazazi, huku akibonyeza vitufe kana kwamba kila kimoja kimemtukana.

Hiyo ilikuwa vita ya ofisini. Ya nyumbani ilikuja Jumatano, na ndiyo iliyouma.

Kaka yake alikuwa na binti mmoja, Cheko, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alicheka kabla ya kuota jino. Alisoma pale pale chekechea. Kaka na mkewe walikuwa wametengana, na wazee wa pande zote mbili walikaa wakaafikiana: mtoto akae na mama, baba amwone na amchukue kwa kupatana na mama. Kisiki alikuwepo siku hiyo. Alikubali kama wote walivyokubali, na kaka akakubali, ingawa alikubali akitazama dirishani.

Jumatano jioni mama yao alikuja. Hakubisha hodi. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha wageni, na mkoba akaubakiza mapajani. Kisiki akajua kuna jambo, kwa sababu mama yake kwa kawaida akifika huanzia jikoni, anafunua masufuria na kutoa hukumu.

"Umenifukuza kwa mjukuu wangu," mama akasema.

"Nimekufukuza wapi, mama?"

"Getini. Nimekwenda kumchukua Cheko, kaka yako kaniomba. Anataka Ijumaa mtoto aje alale kwangu, nikasema ngoja leo niizoee njia. Yule mwalimu kaniuliza namba, nikampa. Akanisomea mbele za watu. Mtu huyu si mlezi wa mtoto huyu." Aliyasema neno kwa neno, na Kisiki, aliyeyaandika maneno hayo kwa mkono wake, akayasikia kwa mara ya kwanza. "Nimemwogesha mtoto yule kabla mama yake hajaweza kusimama. Nikamwambia mwalimu, huo mfumo kauandika mwanangu. Akaniambia, basi muulize mwanao."

"Mama, wifi hakukuandika. Mfumo unajua kile ulichoambiwa."

"Wewe si ndiye unayeuambia?"

Kisiki akainuka. Akampa maji, mama hakuyanywa. Kisiki alimpenda mama yake kupita kitu chochote, na alijua kwamba sentensi moja ikiandikwa na mtu anayewahi chakula cha mchana inaweza kumchoma mwanamke wa umri ule mbele ya watu wanaoweza kuwa wajukuu zake.

"Niandike," mama akasema, sasa kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. "Mimi tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Siwezi, mama. Mwenye kumwandika mtu ni mama Cheko."

Mama akainuka. "Sawa," akasema, na akaondoka bila kupita jikoni.

Asubuhi yake ofisini Kisiki alifungua rekodi ya Cheko. Ufunguo wa hifadhidata nzima alikuwa nao, ndiyo kazi yake. Kupitia ofisi ya shule, wifi alikuwa ameacha walezi wawili, yeye mwenyewe na dada yake. Upande wa baba wote ulikuwa umefutwa. Bibi hayumo. Na alipotazama vizuri, shangazi naye hayumo. Hilo hakulitarajia. Yeye na wifi yake walikuwa wamesukana nywele, wamelia pamoja na kumsengenya mume wa jirani. Alidhani mambo ya kaka ni ya kaka. Alikaa akilitazama lile jedwali. Mstari mmoja ungetosha kumrudisha bibi, wa pili kumrudisha yeye, na sheria yake ingewasalimia wote kwa kijani, kwani sheria huhakiki kilichomo, haijui kilichomo kimeingiaje. Kilichomkera ni urahisi wenyewe.

Akafunga. Palepale simu ikalia, kaka.

"Kisiki, niongeze kwenye huo mtambo wako."

"Muombe mama Cheko."

"Nimuombe? Mtoto wangu? Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini?"

"Kuku ana mama yake. Mpigie, mpatane, akuandike. Ndivyo tulivyokubaliana mbele ya wazee."

"Atakataa."

"Basi atakuwa amekataa yeye."

Kaka akaja na sauti ile ya zamani, ya ndugu aliyembeba mgongoni kuvuka madimbwi. "Mdogo wangu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Kwani Cheko ni maji?"

Simu ikakatwa.

Ijumaa Kisiki alikwenda shuleni na ukurasa wake umekamilika. Alitaka kumwonyesha mkurugenzi mwenyewe kabla ya jioni, maana Bwana Ndiyo angemwambia mteja ndiyo kwa kitu kingine. Walikaa kwenye ofisi ndogo inayotazama getini. Akamwonyesha: mama anafungua simu yake, anaandika namba ya mtu, anaandika uhusiano, anachagua ni kwa leo tu au kwa siku zote, basi. Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa cha kukubali nusu nusu, kalamu mdomoni, ndipo kelele zilipoanza nje.

"Mwenye mfumo ni dada yangu," sauti ya mwanamume ilisema. "Mwiteni aje afungue."

Kisiki aliijua sauti hiyo kabla hajatazama. Akatoka. Kaka yake alikuwa amesimama mbele ya foleni, shati limepigwa pasi, na nyuma yake mwalimu wa getini amekumbatia tableti kifuani. Mlangoni mwa darasa Cheko alikuwa ameshavaa begi lake, anaangalia wakubwa. Wazazi kwenye foleni waliacha simu zao. Sinema ya bure haitaki tiketi.

"Huyo hapo," kaka akasema. "Haya, fungua."

"Sifungui."

"Mbele za watu, Kisiki?"

"Mbele za watu. Na pembeni pia nilikwambia hivyo hivyo."

Alisema akitazama nyuma ya kaka, barabarani, ambako gari la kaka lilikuwa limeegeshwa mlango wazi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa mpaka juu. Kulikuwa na masanduku, godoro dogo lililokunjwa kwa kamba, beseni, na kibaiskeli cha magurudumu matatu kilichofungwa karatasi ya dukani. Mtu anayekwenda kulala kwa mama yake Ijumaa moja habebi beseni.

"Unahama," akasema.

Kaka akageuka, akaliona gari lake kana kwamba limemchongea. "Nimepata kazi. Mbali. Naanza Jumatatu."

"Mama Cheko anajua?"

Kaka akaunyoosha ukosi wa shati.

"Mama yetu je? Umemwambia mtoto analala kwake."

"Angalala kwake. Leo." Akamtazama Cheko. "Wewe huna mtoto, huwezi kuelewa. Nitamwona lini, nikienda huko? Kwa picha? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Neno lile lilimwingia, kwani ni kweli, na machozi ya kaka yake yalikuwa ya kweli. Angeweza kumkumbatia. Badala yake alisimama kati yake na geti.

"Na mama Cheko si mzazi? Akija hapa saa hizi akaambiwa keshachukuliwa na baba yake, atakimbia akiita mtaa gani? Nenda kamwambie usoni unachotaka. Ukishindwa, waite wazee tena, nitakuja, nitasema na ya kwako. Lakini kwa mlango huu, kupitia kwangu, hapana."

Mkurugenzi alikuwa amefika nyuma yake. Akamnong'oneza, "Binti yangu, mwingize kwa leo tu. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana simwingizi, mama. Watazame."

Mkurugenzi akafungua mdomo, kisha macho yake yakaenda kule barabarani, yakatua kwenye godoro, yakakaa hapo. Alimwashiria mlinzi, geti likafungwa, akaingia ofisini mwake kupiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mama Cheko. Ya pili kwa Bwana Ndiyo, kumwambia kwamba ile sheria ibaki. Bwana Ndiyo akasema ndiyo.

Kaka alishika vyuma vya geti. Hakuwa akipiga kelele tena. "Kuanzia leo sina dada."

"Unaye," Kisiki akasema. "Leo humpendi tu."

Gari liliondoka na beseni likigonga kioo. Foleni ikaanza kusogea, watu wakijitia hamnazo. Kisiki alipogeuka, Cheko alikuwa amemfikia, amemshika kidole.

"Shangazi, twende."

"Mchukue tu wewe," mwalimu wa getini akasema, kwa huruma ya haraka, na kabla Kisiki hajamzuia alishaingiza namba aliyoijua kwa moyo, kwani ndiyo namba wanayoipigia tableti zikiganda. Nyekundu. Mwalimu akaisoma kimoyomoyo, akaigeuza tableti isionekane. Kisiki alikuwa ameshaona. Mtu huyu si mlezi wa mtoto huyu.

"Iko sawa," akasema. "Inafanya kazi yake." Na akageukia ukuta kidogo, akajifuta uso kwa kiganja, akachukia kwamba mwalimu ameona.

Akakaa na Cheko kwenye benchi la ndani ya geti. Akampigia mama yake. Alimweleza bila kupamba: gari limejaa, kazi mbali, godoro la mtoto. Mama alimpenda yule mwanawe wa kiume kwa mapenzi ya kufumba macho, na mchelea mwana kulia hulia yeye. "Hata mimi hakuniaga," mama akasema hatimaye, na simu ikakatika.

Wifi alifika anahema, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Alimwinua Cheko akamkagua mikono, miguu, kichwa, kama anayehesabu. Kisha akamwona Kisiki. Hawakuwa wamesemezana tangu kikao cha wazee.

"Nimeambiwa," wifi akasema. "Nimeambiwa yote." Akatoa simu, na Kisiki akaona amefungua ukurasa mpya, ambao mkurugenzi alishamtumia. "Namba yako ni ile ile? Nikuandike."

Hapo mtu mwingine angesema asante. Kisiki akasema, "Mwandike mama yangu kwanza."

Wifi akashusha simu. "Mama yako ndiye aliyekuja Jumatano kumfungulia njia."

"Amedanganywa, kama wewe. Alidhani anakwenda kulala na mjukuu. Amesimama hapa akasomewa maneno niliyoandika mimi, akaondoka na aibu yake, na hakukukosea kitu. Ulifuta ukoo mzima kwa hasira ya mtu mmoja, wifi."

"Ni haki yangu kufuta."

"Ni haki yako. Nimegombana na ndugu yangu leo kuilinda. Nakwambia tu umeitumia vibaya."

Wakatazamana. Wifi hakuwa mwepesi naye. Mashavu yalimwiva kwa hasira, na Kisiki akadhani sasa amepoteza na huyu. "Wewe unamdhamini?" wifi akauliza. "Mwanawe akienda kulia kwake, hatamtoa mtoto?"

"Simdhamini mtu. Mpigie umuulize mwenyewe."

Wifi alimpandisha Cheko kiunoni, akatafuta namba, akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama, shikamoo. Ni mama Cheko."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

"Nataka kukuandika uwe unamchukua mtoto. Lakini nijibu kwanza. Baba yake akija kwako kumtaka, utafanyaje?"

Walisikia kiti kikivutwa, na pumzi ya mwanamke mzee ikitafuta mahali pa kutulia. Ilichukua muda, na Kisiki hakumsaidia.

"Baba yake nimemzaa mimi," mama akasema. "Simwogopi. Andika."

Wifi akaandika. Kwenye kisanduku cha uhusiano akaweka bibi, akachagua siku zote, akahifadhi. Namba ya Kisiki hakuirudia siku hiyo, na Kisiki hakumkumbusha. Alisimama nje ya geti akiwapungia mkono mpaka wakakata kona, kisha akaenda kwa mama yake kwa miguu.